Masikio Niliyomwazima Mtaalamu

Siku Mtaalamu aliponiomba nimwazime masikio yangu, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba, na jioni ile nilirudi nyumbani nimeinua kidevu kama mtu aliyepewa cheo. Hapa Nyakanazi wapo mpaka leo wanaomsifu mtu yule, na wakijua kwamba nilikaa naye karibu hunitaka niongeze sifa. Sina za kuongeza. Nina haya ninayoyaandika, na karibu yote ninayomlaumu nayo yanapitia kwanza kwenye lile jibu langu la ndiyo.

Kazi yake ilikuwa kuseti kompyuta za injini za magari ya turbo. Kila gari la siku hizi lina kompyuta yake, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, na kutoka kiwandani huja ikiwa na akili timamu. Lakini wapo wenye magari ya turbo wanaoitoa, ama kwa sababu imeungua ama kwa sababu wanataka nguvu zaidi, wakafunga nyingine ya kununua pembeni. Hiyo ya pembeni ikifungwa haijui lolote. Haijui injini inywe petroli kiasi gani, haijui plagi ziwashe moto wakati gani, haijui turbo isukume hewa mpaka wapi. Lazima mtu akae nayo na laptopu aijaze namba, kijumba kwa kijumba, huku gari likitembea.

"Ya kiwandani imezaliwa na akili zake," alikuwa akiwaambia wateja. "Hii ni daftari tupu. Mwandishi ni mimi."

Mtu wa kazi hiyo alifuata nini kwenye njia panda yetu ya malori, magesti na vibanda vya wali, sikuwahi kujua. Alikodi uwanja nyuma ya gesti moja, akaweka kontena na turubai, na magari yakaanza kumfuata kutoka Kahama, Bukoba na Kigoma, mengine yakiwa na namba za Burundi. Mimi nilikuwa nimemaliza miaka yangu ya kutunza stoo kwenye kambi ya mkandarasi wa barabara, nikafungua kiduka cha vipuri jirani na uwanja wake. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na muda mwingi usio na kazi. Ndivyo tulivyofahamiana.

Tangu mwanzo sikumpenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtu akiponzwa na rafiki ana la kujitetea. Mimi sina.

Hakuwa na shikamoo. Nilimzidi umri kwa miaka kumi na zaidi, na huku kwetu hata mlevi akikutana na mwenye mvi hujikusanya akamwamkia. Yeye alininyooshea kidole gumba. Mama mmoja wa kibanda cha chakula, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, alimuuliza siku moja mbele yetu sote kwa nini hawaamkii wazee.

"Shikamoo yangu iko kwenye kazi," akajibu. "Mzee akija kuchukua gari, gari litamwamkia."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nikiwa mmoja wa wazee wenyewe.

Neno fundi hakulitaka. "Fundi anashona suruali," alisema. Ndiyo maana wote tulimwita Mtaalamu, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea. Mafundi wa njia panda, watu waliolea watoto wao kwa spana na grisi, aliwaita wafungua nati. Mmoja wao alimletea gari lililomshinda, akamweleza kwa heshima kila alichojaribu. Mtaalamu alimsikiliza mpaka mwisho, macho yamemganda mdomoni, kisha akamwambia, "Sasa rudia yote, lakini anzia pale ulipoharibu." Yule fundi alikuwa na wajukuu. Aliokota kitambaa chake cha mikono akaondoka bila kuaga.

Shati lake lilikuwa jeupe kila siku, kwenye uwanja wa vumbi jekundu na oili chafu, na halikuchafuka. Kabla ya kugusa laptopu alinawa kwa sabuni ya unga mpaka viwiko. Ukimkaribia na mikono yenye grisi alirudi nyuma hatua mbili. Gari hakuwa nalo. Alikuwa na baiskeli, na gari la mteja hakuliendesha hata kulisogeza kivulini. "Wewe endesha," alisema. "Mimi ndiye ninayeliambia likimbie."

Jambo moja naliandika kwa kulazimika. Mama wa chakula niliyemtaja alikuwa na mguu mbovu, na maji ya kibandani yalitoka mbali. Kila alfajiri Mtaalamu alimletea madumu manne kwa baiskeli, akayapanga mlangoni, akaondoka kabla kibanda hakijafunguliwa. Mchana alikuja kukaa palepale na kulalamika kwamba wali una mawe. Mama yule aliniambia habari ya maji siku moja tulipokuwa wawili, kisha akaniomba nisiirudie, kwa sababu alikuwa ameahidishwa kunyamaza. Nimejaribu kutafuta ubaya ndani ya jambo hilo nikakosa. Sijui niliweke wapi. Naliacha hapa.

Tabia yake iliyowaudhi wengi ilikuwa ya mazungumzo. Ukimwambia kitu huku umegeukia pengine, alikukatiza: "Ongea ukiniangalia. Mimi siongei na kisogo." Tulichukulia kuwa ni maringo. Ukweli niliujua siku lori moja la kwenda Burundi lilipoingia kinyumenyume uwanjani kwake kutafuta pa kugeuzia. Utingo alipiga mayowe, dereva akapiga honi, kuku wa gesti wakatawanyika. Mtaalamu alikuwa ameligeuzia mgongo, ameinamia namba zake, na hakutikisika. Nilimrukia nikamvuta shati. Tairi la nyuma la lori lilikuja kusimama pale ilipokuwa miguu yake.

Alilitazama lori, akanitazama mimi, kisha akatazama alama ya vidole vyangu kwenye shati. Hakusema asante. Jioni akaja dukani kwangu, mara yake ya kwanza, akakaa juu ya boksi la filta.

"Umeona," akasema.

"Nimeona nini?"

"Usinifanye mjinga, mzee. Sikio la kushoto lilikufa zamani. La kulia linaniletea ngurumo tu, sauti nyembamba hazifiki. Maneno nayasoma kwenye midomo."

Nilimuuliza injini anazisikilizaje. Akageuka kutazama kama kuna mtu mlangoni, na nadhani huo ndio wakati pekee nilipomwona akiwa na hofu.

"Siku hizi nabahatisha," akasema. "Injini ya turbo ukiiwashia moto mapema kuliko inavyoweza kuvumilia, inagonga. Ni mlio mdogo, kama kokoto kwenye sufuria. Ukiusikia unarudisha namba nyuma, injini inaishi. Usipousikia, pistoni zinakwisha. Na kompyuta hizi za bei rahisi hazina sikio lake zenyewe. Sikio ni la mtu." Akaninyooshea kidole. "Niazime yako. Halafu mdomo wako ubaki umefungwa."

Hapo ndipo nilipokubali. Hakuniahidi kitu. Aliniambia tu kwamba kati ya watu wote wa njia panda mimi ndiye niliyesoma, na hilo lilinitosha.

Kifaa chetu alikitengeneza mwenyewe. Kipande cha bomba la shaba alikiponda ncha moja, akakifunga kwa bolti kwenye ubavu wa injini. Kutoka hapo mpira mwembamba ulipita chini ya boneti na dirishani mpaka kwenye vifunika masikio, aina ile wanayovaa wapasua mawe. Mwenye gari aliendesha, Mtaalamu alikaa mbele kushoto na laptopu magotini, mimi nikakaa nyuma yake na vile vifuniko kichwani. Juu ya kioo cha mbele alibandika kioo kidogo cha kinyozi. Wateja walidhani anapenda kujitazama. Alikuwa akitazama mdomo wangu.

Kila gari tulilipeleka kwenye mlima ulio upande wa kwenda Ngara. Dereva alikanyaga mpaka chini kutoka bondeni hadi kileleni, mimi nikasikiliza, tukarudi chini, Mtaalamu akaongeza namba kidogo, tukapanda tena. Tuliendelea hivyo mpaka injini igonge kwa mara ya kwanza. Ikigonga, alirudisha namba nyuma hatua mbili, na kazi ikawa imekwisha. Mwili mzima wa kazi yake, pamoja na shati jeupe na matusi, ulisimama juu ya neno moja kutoka kwangu.

Neno lenyewe nilimpa mimi. Siku ya kwanza nilipovaa vile vifuniko, injini ilitoa mlio mzito wa kupanda na kushuka, wa mtu aliyeshiba amelala chali. Neno lililonitoka halikuwa la Kiswahili. "Inagona," nikasema. Kwetu Wahangaza kugona ni kukoroma usingizini. Mtaalamu akauliza maana yake, akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza nimwone anacheka bila kumcheka mtu. Tangu siku hiyo likawa neno letu. Injini ikiwa nzima nilisema inagona, naye akaongeza. Ikianza kulalamika nilisema inagonga, naye akarudisha.

Mtu aliyefika kidato cha nne alipaswa kuona shimo hapo. Simama mbele ya kioo, sema inagona. Kisha sema inagonga. Sikio linatofautisha mara moja. Mdomo unafanya jambo lilelile.

Kwa miezi mingi tulipona kwa sababu ambayo hatukuijua. Kila nilipousikia mlio ule wa kokoto nilikunja uso, bila kukusudia, na yeye alikuwa akisoma uso pamoja na midomo. Sisi tulidhani neno ndilo linalofanya kazi.

Wakati huohuo nilianza kuvimba. Wateja waliniona nimevaa vifuniko nikaanza kuulizwa ushauri, nami nikautoa. Faraghani Mtaalamu aliniita Masikio. "Masikio, uko tayari?" Mbele za watu aliniita mzee wangu, na wengine wakadhani mimi ndiye mkubwa wake. Nilinunua shati jeupe. Niliwahi kumwambia fundi mmoja kwamba yeye anafungua nati tu, na alipokaa kimya niliona nimesema kweli.

Sasa nifike kwa mdogo wangu.

Ni mtoto wa mwisho wa mama yetu. Tulizaliwa watano na kwa wakati ule tulibaki wawili. Baba alipofariki yeye alikuwa hajaanza shule. Mimi ndiye niliyempeleka darasa la kwanza, mimi ndiye niliyekwenda kumposea mke. Aliniita kaka kwa sauti ambayo wengine humwitia baba. Alilima Nyakisasa, kwenye sehemu yake ya shamba la baba, migomba na kahawa kidogo, na alikuwa amechoka kuona maharage ya watu yakioza kwa kukosa usafiri wa kufika barabara kubwa. Akaiuza sehemu yake kwa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, akanunua gari la turbo la mtu mmoja wa Mwanza, lenye nafasi ya abiria na magunia. Lilikuwa na nguvu ya kutosha milima yetu, lakini lilikuja na kompyuta ya pembeni, na yule muuzaji alikuwa ameshafuta kila kitu ndani yake. Liliwaka kwa shida na kutembea kama mgonjwa.

Alinijia dukani kwanza.

"Kaka, kuna fundi kure Ngara anasema nitoe hii kompyuta, nitafute ya kiwandani. Itakuwa na nguvu kidogo ya kawaida tu, rakini itadumu."

"Huyo wa Ngara anafungua nati," nikamwambia. Maneno yalikuwa ya Mtaalamu, mdomo ulikuwa wangu.

"Kaka, gari hii ndiyo shamba rangu sasa. Unajua."

"Najua. Niachie mimi."

Akaniachia. Hakuuliza mara ya pili.

Siku ya kwenda mlimani tulikuwa wanne. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa mpunga, Msukuma mwenye tumbo na mzaha, aliyekuwa na gari kubwa la turbo na alitaka kuona kazi kabla ya kulileta lake. Mtaalamu alimtaka sana mteja huyo. Alimweka nyuma, pembeni yangu, na kabla hatujaondoka aliniambia, "Leo utulivu, Masikio. Yule anatupima." Kwa hiyo nilivaa uso wa mtu mkubwa, mkavu, wa mtu ambaye ameshaona magari mengi.

"Hii gali ya mkulima ndiyo itanionyesha kazi?" yule mfanyabiashara akamtania mdogo wangu.

"Itakuacha wewe na mpunga wako barabarani," mdogo wangu akajibu. Alikuwa na furaha. Alikuwa ameosha gari mpaka ndani ya matairi.

Tulipanda mara ya kwanza. Inagona, nikasema. Mtaalamu akaongeza. Mara ya pili ikagona vilevile, nzito na nzuri, na gari likapanda kama mlima umelazwa. "Ee bwana," alisema mfanyabiashara, ameshika kiti cha mbele, "gali inavuta kama imetukanwa."

Mara ya tatu, karibu na kilele, nilizisikia kokoto. Zilikuwa chache, za haraka. Nikasema, "Inagonga." Nilisema kwa sauti ya kutosha na kwa uso uleule mkavu niliouvaa tangu asubuhi.

Kwenye kioo cha kinyozi nilimwona Mtaalamu akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Inagona," akasema. "Safi. Tunaongeza kidogo."

Mdogo wangu ni Mhangaza kama mimi. Maneno yote mawili ni yake. Alikuwa amesikia nilichosema na alikuwa amesikia kilichorudiwa. Akanitazama kwa kioo cha dereva.

"Kaka, umesema inagonga ama inagona?"

Mtaalamu alikuwa ameinamia laptopu, swali halikumfikia. Mfanyabiashara aligeuza kichwa kunitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha. Kama ningesahihisha, ningelazimika kueleza kwa nini mtu aliyekaa mbele yangu kabisa hakunisikia, na kwa nini yeye ndiye anayetoza watu kwa masikio yasiyo yake, na mimi ni nani katika jambo hilo. Yote hayo yalinipitia kichwani, na nilichochagua ni uso wangu.

"Endelea," nikamwambia mdogo wangu. "Mtaalamu anajua."

Akaendelea. Mara ya nne kokoto zilikuwa nyingi, kuanzia katikati ya mlima mpaka juu. Mara hiyo sikusema kitu. Nilifunga mdomo, na Mtaalamu, kwa kuona uso umetulia, akahifadhi namba, akafunga laptopu, akasema kazi imekwisha. Mfanyabiashara akampigia makofi. Mdogo wangu aliendesha kurudi huku anacheka peke yake.

Jioni nilikwenda uwanjani nikiwa na nia ya kumwambia. Ninaapa nilikuwa na nia. Nilimkuta katikati ya watu, anawasimulia mlima. Aliponiona akawaambia, "Huyu mzee ana sikio, hakuna mfano." Watu wakanisogezea kiti. Nikakaa.

Wiki tatu gari lile lilifanya kazi kama alivyoota. Nyakisasa walilijua kwa mlio, akina mama walimwekea nafasi siku ya gulio. Mimi kila nilipomwona anapita nilijiambia kwamba huenda nilisikia vibaya. Kisha siku moja mchana, akiwa amepakia maharage na abiria, akipanda, injini ikaanza kupiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, moshi ukatoka, ikazima. Hakuna aliyeumia. Pistoni ilikuwa imetoboka, vipande vikaharibu silinda na turbo yenyewe. Fundi aliyeifungua alisema injini nzima ni chuma chakavu, na hakuna aliyempinga. Pesa ya injini nyingine haikuwepo, na shamba la kuuza halikuwepo tena.

Lori lililivuta gari mpaka uwanjani kwa Mtaalamu. Nilikuwepo. Mtaalamu alilizunguka mara moja tu, mikono mgongoni, asichafue shati.

"Umetia petroli ya chupa," akasema. Huko vijijini petroli huuzwa kwenye chupa, na wengine huichanganya na mafuta ya taa.

"Nirijaza kituoni, hapahapa njia panda," mdogo wangu akajibu. Lakini alijibu huku ananitazama mimi.

"Ongea ukiniangalia."

"Siongei na wewe," mdogo wangu akasema, na hakumgeukia. "Nakuuriza wewe, kaka. Nirisikia umesema inagonga. Nikakuuriza. Si nirikuuriza?"

"Uliuliza," nikasema.

"Ukasema nienderee."

"Nilisema."

Alisubiri niongeze kitu. Mtaalamu alikuwa akitupa macho mdomo hadi mdomo, anajaribu kufuata, na nadhani yaliyosemwa kwa upande hayakumfikia. Sikuongeza kitu. Mdogo wangu alichukua jeki na kitambaa cha kufutia vioo kutoka ndani ya gari, akatembea kwenda kituo cha mabasi.

Mtaalamu hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Sio kwa sababu ya gari lile, maana wateja waliendelea kuja na mfanyabiashara wa mpunga alileta lake. Mimi ndiye niliyekataa kuvaa tena vile vifuniko. Bila masikio aliharibu magari mawili mfululizo, na asubuhi moja tulikuta kontena limefungwa. Wapo waliosema kazi imemlipa amekwenda mjini. Sikuwasahihisha, kwa aibu ile ile.

Nilimwona tena mwaka jana, kwenye kibanda cha yule mama mwenye mguu mbovu. Alikuwa akisubiri basi la Kigoma. Shati bado jeupe, kola imechakaa. Alikuwa anakula na kulalamika kwamba wali una mawe. Nilikaa mbele yake. Akanipa kidole gumba, kama zamani.

Miaka yote nilikuwa nimejiandalia hotuba. Niliyatamka maneno machache tu, polepole, nikiwa nimemkabili usoni. "Gari la mdogo wangu. Siku ile mlimani nilisema inagonga."

Akatabasamu kwa mdomo wenye wali. "Inagona," akasema. "Naikumbuka. Injini nzuri ile. Bado inatembea?"

Nikarudia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, vilevile kama kwenye kile kioo cha kinyozi. Nilimwomba mama kalamu, nikachukua karatasi ya kufungia maandazi, nikaandika kwa herufi kubwa: NILISEMA INAGONGA. Nikaisukuma mbele ya sahani yake.

Aliisoma muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji. Kijiko akakiweka chini. Nilingoja matusi, nilingoja petroli ya chupa, nilingoja aniite mzee asiyejua kuongea. Ningeyapokea yote kwa furaha.

"Siku ya lori," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "ulinivuta shati."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na mlimani nilikuwa mbele yako palepale. Mbona siku ile hukunivuta?"

Utingo wa basi aligonga bodi akiwaita abiria wa Kigoma. Mtaalamu hakusikia. Ilibidi nimguse bega nimwonyeshe basi. Akaikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati, akaondoka bila kuaga. Nimemchukia kwa kiburi chake, kwa kidole gumba chake, kwa namna alivyowadhalilisha watu bora kuliko yeye. Siku hizi namchukia zaidi kwa swali lile, kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza.

Mdogo wangu yuko hai. Analima shamba la mtu huko Nemba, kwa mgawo wa mavuno. Mara moja moja tunakutana gulioni. Anainamisha kichwa kwa adabu yote, anasema, "Shikamoo mzee," kama anavyomwamkia mzee yeyote wa njiani, nami naitikia marahaba, na anapita. Tulizaliwa watano. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita kaka, na yeye haniiti tena.